Pini ya Nane

Kila Jumamosi asubuhi, msichana mmoja wa darasa la sita alikuwa na kazi tatu: kufungua madirisha ya chumba cha ushonaji cha mama yake, kufagia mabaki ya vitambaa yaliyozagaa sakafuni, na kuzungumza. Hiyo ya tatu hakutumwa na mtu. Aliianza alipofumbua macho na kuiacha usingizi ulipomshinda, ndiyo maana nyumbani, shuleni na mtaa mzima walimwita Redio. Jina lake la daftarini walilikumbuka walimu tu, tena siku za mitihani.

Chumba chenyewe kilikuwa cha mbele katika nyumba yao. Mlango wake ulitazama barabara, na ng'ambo ya barabara palikuwa na hospitali. Ndani mlikuwa na vyerehani viwili, kimoja cha Mama na kingine cha Shangazi, dada yake baba. Ukutani palikuwa na meza ndefu ya pasi, na nyuma yake alisimama mzee mwembamba aliyekuwa akipiga pasi humo tangu Redio hajazaliwa. Watu walimwita Babu Pasi. Soketi ya umeme ilikuwa moja tu, na kutoka hapo ulitambaa waya mrefu mpaka kwenye meza ya pasi. Waya huo walikuwa wameufunika kwa mkeka ili wateja wasijikwae. Mkeka nao ulifunikwa na mabaki ya vitambaa, na Redio alipofagia alifagia kila mahali isipokuwa hapo.

Sasa, chumba hicho kilikuwa na desturi yake. Mafundi wa humo walipokuwa kazini hawakuweka pini mezani wala kwenye kopo. Waliziweka mdomoni! Mama alijifunza hivyo kwa fundi aliyemfundisha kazi, na fundi huyo alijifunza kwa fundi wake, na hakuna aliyewahi kuuliza yule wa kwanza kabisa alikuwa na akili gani. Mama aliweza kubana pini kumi kati ya midomo yake, akaendelea kupima, kukata na kugombeza. Shangazi alibana kumi na mbili, tena akiimba.

"Asiyeweza kubana pini kumi," Shangazi alipenda kusema, "huyo si fundi. Huyo ni mshona magunia."

Kwa kuwa midomo yao ilikuwa imefungwa nusu, walisema kwa pua zaidi kuliko kwa mdomo. "Nhe nhasi," Mama angesema, na Redio angempa mkasi bila kufikiri mara mbili. Wateja ndio waliopata taabu. Mwalimu mkuu mmoja aliyekuja kupimwa suti aliambiwa ainue mikono, akakaa chini. Alipoambiwa asimame, akatoa pochi. Chumba kizima kilicheka kisa hicho mwaka mzima, na hakuna aliyeona kwamba desturi hiyo ina ubaya mwingine.

Redio alikuwa na hamu moja tu, naye ni kuhesabiwa miongoni mwa mafundi. Vifungo alijua kuvitia. Pindo alijua kulikunja. Lakini kila alipolisogelea kopo la pini, Mama alimkatalia.

"Usithubutu kuweka pini mdomoni," Mama alisema, huku pini sita zikimchungulia midomoni. "Ni hatari kwa mtoto."

"Na kwa mtu mzima?"

Mama akamtazama Shangazi. Shangazi akatazama cherehani chake kama aliyekiona kwa mara ya kwanza.

"Mtu mzima ameshazoea," Mama akasema. "Fagia huko."

Redio akafagia. Lakini alijua la kufanya. Jioni, alipokwenda kuoga, alibeba pini moja na kufanya mazoezi mbele ya kioo. Akagundua kwamba ukiilaza kati ya shavu na meno, unaweza kutembea nayo nyumba nzima na mtu asijue. Sharti lilikuwa moja tu, usiseme neno. Kwa mtoto mwingine lingekuwa sharti dogo.

Jumamosi moja, mchana, aliingia muuguzi wa hospitali ya ng'ambo, mama mwenye sauti nene na miguu myepesi. Alikuwa amekuja kujaribu sare yake mpya, nyeupe, aliyotaka kuivaa Jumatatu. Sare ilikuwa bado ina mkono mmoja, mkono wa pili ukiwa mezani. Mama akampandisha juu ya kigoda ili apime pindo la chini, kisha akatia mdomoni pini nne zilizokuwa mkononi mwake.

"Fundi, hizo pini!" muuguzi akashtuka. "Iko siku utazimeza."

Mama akajibu kwa pua, na Redio akatafsiri haraka: "Anasema ana miaka ishirini kwenye kazi hii, na hajameza hata moja."

"Hata mimi nina miaka ishirini hospitalini," muuguzi akasema. "Na kila aliyemeza kitu aliniambia hivyo hivyo."

Babu Pasi akacheka nyuma ya meza yake. "Ajali haina kinga, binti yangu. Iliyoandikwa imeandikwa."

"Kama haina kinga, Babu, mbona umevaa viatu?"

Babu Pasi akaviangalia viatu vyake, akaendelea kunyoosha kola.

Mama alimaliza zile pini nne kiunoni mwa sare, kisha akanyoosha kiganja bila kugeuka. "Nipe nane za pindo."

Redio akahesabu nane kutoka kwenye kopo. Hapo ndipo shetani alipomnong'oneza. Mbele yake alikuwa amesimama mteja wa kweli, na kazi ilikuwa ya kweli. Angalau leo, hata kama hakuna atakayejua, si angekuwa fundi kati ya mafundi? Akampa Mama saba. Ya nane akaitia mdomoni, akailaza shavuni.

"Nane hizi?" Mama akauliza.

Redio akatikisa kichwa kukubali. Mama akazibana zote midomoni, akapiga magoti, akaanza kazi.

"Mbona Redio leo imekata mawimbi?" Babu Pasi akauliza baada ya muda.

"Betri," Shangazi akajibu, na wote wakacheka isipokuwa mwenyewe.

Mama alikuwa ameshachomeka pini nne kwenye pindo, Babu Pasi alipolowesha kidole mate na kugusa pasi ili ajue kama imepata moto. Pasi ikampiga shoti. "Yalaa!" Babu Pasi akaruka, kiwiko chake kikalisukuma fungu zima la vitambaa, na fungu likamwangukia Shangazi kichwani akiwa katikati ya wimbo. Shangazi akaendelea kuimba humo humo ndani. Mama alijaribu kujizuia, akashindwa. Kicheko kikampalia, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, akatema pini zote kiganjani.

Akazitazama. Akahesabu kwa kidole: moja, mbili, tatu. Akahesabu zilizo kwenye pindo: nne. Kicheko kikakatika.

"Tatu na nne ni saba," Mama akasema polepole. "Nami nilichukua nane."

Akajigusa koo.

"Nimeimeza!"

"Uwiii!" Shangazi akapiga ukelele uliowatoa ndege wote kwenye paa. Redio naye akashtuka, akavuta pumzi kwa nguvu, akakohoa mara moja na kumeza mate. Yeye peke yake katika chumba kile alijua kwamba Mama hakumeza kitu. Ilikuwa ni kusema tu: Mama, ulichukua saba. Maneno matatu! Yeye aliyekuwa akisema maneno elfu kabla ya chai!

Lakini hayo matatu yalikataa kutoka. Angejulikana kwamba amedanganya, kwamba amevunja amri, tena mbele ya mteja, na kopo la pini asingeligusa mpaka aote mvi. Nitasema wakitulia, akajiambia. Ila hakuna aliyetulia.

"Ameze ndizi nzima nzima!" Babu Pasi akashauri. "Ndizi itaisukuma!"

"Apewe maji ya chumvi atapike!" Shangazi akapiga kelele. "Au apigwe mgongoni!"

"Asipewe kitu!" muuguzi akanguruma kutoka juu ya kigoda. "Asile, asinywe, asipigwe, asitapishwe! Mnataka pini imchome njiani ikirudi? Hospitali iko hapo mbele. Twendeni!"

Basi wakavuka barabara, na msafara huo mtaa haujausahau mpaka leo. Mbele alitangulia muuguzi ndani ya sare yenye mkono mmoja, na kwa kuwa kiuno na pindo vilikuwa bado vimejaa pini, kila hatua mbili alisema "Aa!" Nyuma yake Mama alijishika koo, huku Shangazi akimkokota kwa kilio, futi ya kupimia ikimning'inia shingoni. Babu Pasi alifuata akiwa ameshika pasi.

"Babu, hiyo pasi ya nini?" Shangazi akamuuliza.

"Ni ya moto. Nimeogopa kuiacha, itaunguza nyumba."

Watu wote barabarani wakampisha.

"Nesi, unaumwa?" mlinzi wa getini akamuuliza muuguzi.

"Siumwi, nachomwa!" muuguzi akajibu, akapita.

Redio alikuwa akikimbia kandokando. Nitasema tukifika getini, alijiambia. Walipofika getini akasema, nitasema tukifika ndani. Na Mama, maskini, alikuwa akiisikia ile pini waziwazi. "Iko hapa kooni," alisema. "Sasa imeshuka. Mungu wangu, sasa inanichoma ubavuni!" Kisha akamshika Redio bega. "Mwanangu, nisiporudi nyumbani, cherehani changu ni chako. Soma. Msikilize Shangazi, ila usiimbe kama yeye."



Ndani, daktari akamkalisha Mama kwenye kiti cha magurudumu. Alikuwa dada kijana, mpole, aliyesikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza mtu.

"Unaisikia wapi hasa, mama?"

"Kila mahali."

"Sawa. Tutapiga picha ya eksirei tuone iko wapi. Kama imekwama mahali pabaya, itabidi tufanye upasuaji."

Upasuaji! Redio akaona kisu, akaona damu, akamwona mama yake akikatwa tumbo kutafutwa pini isiyokuwemo. Liwalo na liwe.

"Mama hajameza!" akapayuka, na ukumbi mzima ukageuka. "Nilimpa saba! Nilidanganya! Ya nane ninayo mimi, iko hapa mdomoni!"

"Itoe," daktari akasema kwa utulivu, akanyoosha kiganja.

Redio akatia kidole kwenye shavu la kulia. Akapapasa. Akahamia la kushoto. Akainua ulimi, akatazama chini kama mtu anayeweza kuuona mdomo wake mwenyewe. Kisha akatoa kidole taratibu, na macho yakamtoka.

"Haipo," akasema.

Muuguzi akamwinamia. "Shangazi alipopiga ukelele, wewe ulifanya nini?"

"Nilishtuka. Nikakohoa. Nikameza..."

Hakumaliza. Mama, ambaye dakika ile ile alikuwa hawezi kusimama, aliruka kutoka kwenye kiti cha magurudumu kama amemwagiwa maji. Hakuna koo tena, hakuna ubavu tena. Alimbeba Redio, msichana mzima wa miaka kumi na miwili, akamkalisha kwenye kiti kile kile na kukisukuma yeye mwenyewe mbio kwenye chumba cha eksirei. Daktari ndiye aliyekuwa akimkimbilia nyuma, akimwonyesha mlango.

Picha ilipotoka, haikuhitaji maelezo. Katikati ya tumbo palikuwa na kimstari cheupe, chembamba, chenye kichwa cha duara. Mama akakitambua mara moja. Ilikuwa pini yake.

"Imeshapita koo, na hilo ni jema," daktari akasema. "Pini nyingi hutoka zenyewe, ila si zote. Atalala wodini. Tutapiga picha kila asubuhi tuone kama inasogea. Ikisimama, au tumbo likianza kumuuma, tutaitoa sisi." Akamgeukia Redio. "Na wewe, ukisikia maumivu yoyote, hata madogo, unafanya nini?"

"Nasema," Redio akanong'ona.

"Pale pale?"

"Pale pale."

Jumapili asubuhi pini ilikuwa imesogea kidogo. Jumatatu asubuhi haikusogea hata kidogo. Daktari aliitazama picha kwa muda mrefu kuliko Mama alivyopenda, akasema watasubiri siku moja zaidi, na kama kesho itakuwa pale pale, basi watamwingiza chumba cha upasuaji. Redio alisikia. Aliogopa, akalia bila kujificha, na Mama akalia naye.

"Nisamehe, Mama," Redio akasema baada ya wote wawili kulowesha kitambaa kimoja cha kujifutia. "Nilikudanganya."

"Ulikosea kunidanganya," Mama akasema. "Na ulikosea zaidi uliponyamaza. Tulimkimbiza mgonjwa asiye mgonjwa, na mgonjwa mwenyewe anakimbia kando! Kama ungemeza kitu kibaya zaidi, muda ule ule tuliopoteza ungekuua. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

Mama akakunja kile kitambaa mara nne, akakikunjua tena. "Lakini kosa la kwanza si lako. Mimi nilikukataza pini kwa mdomo uliojaa pini. Ungenisikiaje?"

Redio hakuwahi kumsikia mama yake akikiri kosa. Hakujua atazame wapi, akatazama dirishani. Huko alimwona Babu Pasi, ambaye hakuruhusiwa kuingia kwa sababu saa za kuona wagonjwa zilikuwa zimekwisha, amesimama nje na kuuliza kwa ishara ya vidole: imetoka?

Swali hilo liliulizwa na mtaa mzima. Muuza maji aliuliza. Darasa la sita lilituma barua yenye sahihi arobaini na mbili, na chini kabisa, kwa herufi kubwa, "IMETOKA?" Hata mgonjwa wa kitanda cha jirani, aliyevunjika mguu, alikuwa akiamka na kuuliza habari za pini kabla ya habari za mguu wake.

Jumanne asubuhi, kabla ya saa ya picha, ilitoka. Ilitokaje? Ilitoka kwa njia ambayo kila msomaji anaijua, na adabu inatukataza kuongeza neno. Muuguzi, akiwa ndani ya sare yake ya zamani, alitembea ukumbini akitangaza, "Imetoka! Imetoka!" Wagonjwa wakapiga makofi, wakiwemo wengi ambao hawakujua ni kitu gani kilichotoka.

Alhamisi muuguzi akavuka barabara kuifuata sare yake. Mama hakumpandisha kigodani. Alimpa kiti, akawaita Shangazi, Babu Pasi na Redio.

"Nesi, tuonyeshe hatari nyingine zilizomo humu," Mama akasema. "Sisi macho yetu yameshazoea."

"Mimi ni mgeni, nitaona mbili tatu tu," muuguzi akajibu. "Ninyi ndio mnaojua. Kila mmoja aseme kitu kimoja kinachomuumiza humu ndani, au kilichotaka kumuumiza, naye akakinyamazia."

Mara Shangazi akainua kidole. Mara mbili mwaka huu sindano ya cherehani ilimpita kidoleni kwa sababu anashona gizani, taa ya juu ikiwa imekufa tangu mwaka jana, naye alidhani wakimsikia watasema amezeeka. Mama akakiri kwamba mkasi mkubwa ulishamwangukia mguuni mara tatu kwa kuwa hauna pa kukaa. Redio akasema hafagii kwenye mkeka kwa sababu kuna mahali pana joto, na yeye hapendi joto.

"Joto?" muuguzi akauliza. "Na wewe, Babu?"

"Mimi sina neno," Babu Pasi akasema. "Ile pasi hunipiga shoti kila asubuhi, basi."

"Kila asubuhi!"

"Ndogo ndogo. Nilidhani inanisaidia. Magoti yangu yana baridi yabisi, na kila ikinipiga naona yanachangamka."

Shangazi alicheka mpaka akashika meza. Muuguzi hakucheka. Aliwauliza swali moja tu: kati ya yote yaliyosemwa, ni lipi linaloweza kuua mtu? Wakatazamana. Redio ndiye aliyejibu kwamba ni umeme. "Basi mnaanzia hapo," muuguzi akasema. "Hamwezi kurekebisha yote siku moja. Linaloweza kuua hurekebishwa leo. Mengine yafuate kwa zamu."

Mama akachomoa pasi pale pale na kumwita fundi umeme. Fundi alipouinua mkeka, wote walirudi nyuma hatua moja. Ngozi ya waya ilikuwa imechubuka, na upande wa chini wa mkeka ulikuwa umeungua, mweusi, upana wa sahani. Siku moja zaidi, au wiki moja, na yale mabaki ya vitambaa yangeshika moto watu wakiwemo ndani. Babu Pasi alilitazama lile doa jeusi, na hakusema kwamba ajali haina kinga. Aliomba kiti.

Waya mpya ulipitishwa juu ukutani, pasi nayo ikatiwa waya mpya, taa ikawekwa, na mkasi ukapata msumari wake wa kutundikwa. Kuhusu pini, Redio ndiye aliyepewa kazi. Alishona vimto vitatu vidogo vya kuchomekea pini, akavijaza yale mabaki ya sakafuni, akavitia mikanda ya kufunga kwenye kifundo cha mkono. Pini zikahamia huko. Hapo likazuka jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: wateja walianza kumwelewa Mama. Kwa miaka ishirini alikuwa akisema kwa pua, "Hili tumbo limetoka wapi?" na mteja anatabasamu. Sasa ilimbidi ajifunze kuuchunga mdomo.

Lakini mazoea yana taabu. Jumamosi iliyofuata alikuja karani mmoja wa posta, mpole, mrefu, aliyetaka suruali yake ipunguzwe. Alikuwa na haraka, na Mama akataka kumsaidia. Akapiga magoti, akachomeka pini mbili tatu, kisha mkono wake ukaenda kwenye kimto, ukachomoa pini nne kwa mpigo, ukazipeleka moja kwa moja midomoni.

Redio aliona. Shangazi aliona pia, akajitia kutafuta uzi. Kumkosoa mtu mzima ni kazi, kumkosoa mama yako mbele ya mteja ni kazi na nusu. Redio alihisi ulimi umekuwa mzito kama siku ile. Akakumbuka ile picha ya Jumatatu, kile kimstari kisichosogea.

"Mama," akasema. "Mdomo."

Cherehani cha Shangazi kikasimama. Mama akainua macho, na yalikuwa makali. Kisha akazitoa pini, moja moja, akazirudisha kwenye kimto, akasimama.

"Asante, mwanangu," akasema, akawageukia wote. "Wiki iliyopita mtoto huyu alinyamaza kwa kuniogopa, na nusura nimpoteze. Leo amesema mbele ya mgeni, na mnaniona hapa, sijafa kwa aibu. Kila kazi ina hatari yake, hata hii yetu ya kukaa. Hatari haijali kama una mwaka mmoja kazini au ishirini. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mficha hatari ni huyo huyo. Kwa hiyo kuanzia leo, humu ndani, anayeona hatari aseme pale pale, awe mdogo, awe mkubwa. Na anayeambiwa ashukuru, hata kama imemuuma."

Babu Pasi akaitika. Shangazi naye akaitika, kwa sauti ya mtu aliyekamatwa.

Karani wa posta akakohoa kidogo. "Fundi, samahani. Hata mteja anaweza kusema?"

"Hasa mteja."

"Basi, kuna pini moja uliichomeka mguuni kwangu badala ya kwenye suruali. Nilikuwa nasubiri umalize kuzungumza."

Mama akapiga magoti tena, akaichomoa, akampa pole, na kumshukuru.